Acheni kufomati mashine za watu!

Wasomaji wangu, kimya changu kimekuwa kirefu, niwieni radhi. Kazi zimenizidi, na pia nimekuwa na hasira. Nikiandika nikiwa na hasira kwa kawaida nafuta yote kesho yake. Hii sifuti.

Wiki iliyopita nilikuwa Kitengela, katika duka moja la kutengeneza simu na kompyuta, nikisubiri nibadilishiwe kioo cha simu. Akaingia kijana amekumbatia mashine, ile ya kusimama, vumbi limejaa mpaka kwenye feni. Ndiyo inayoweka hesabu za duka lao la dawa za mifugo, na tangu asubuhi imegoma kuwaka. Fundi hakuichomeka hata kwenye stima. "Iache hapa nitaifomati, rudi saa kumi." Kijana akauliza, na vitu vilivyomo? Fundi akacheka, akamwambia vitu vitapatikana vingine.

Jamani. Vitapatikana vingine! Madeni ya wafugaji ya miezi minane, nani alichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na hajalipa, hayo yatapatikana wapi mengine?

Nitamrudia huyo kijana. Kwanza ngoja niwaeleze kwa nini neno "fomati" linanipandisha presha.

Mimi naishi Kisaju. Kwa wale msiopajua, unatoka Kitengela unafuata barabara ya Namanga, na kabla hujafika Isinya, pale penye ploti zilizopandwa vigingi vya mipaka, nyumba moja hapa nyingine kule, na upepo usiokwisha, ndipo. Kazi yangu ni kuandika programu, naifanyia nyumbani. Mwaka 2022 shule moja ya hapa jirani iliniomba niwawekee mfumo wa karo. Pesa hawakuwa nazo, kwa hiyo nikanunua Nairobi mashine ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi fulani ya Uingereza, nikaongeza diski mbili za terabaiti moja kila moja na UPS ndogo, nikaweka FreeBSD 13.1 iliyokuwa imetoka mwezi wa Mei mwaka huo.

Najua wengine mtauliza kwa nini si Linux. FreeBSD ni ndugu yake wa ukoo wa Unix, inatokana na ile Unix ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na toleo lake la kwanza ni la 1993. Ni programu huria, bure kabisa. Niliichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ZFS, mfumo wa mafaili ambao unaandika vitu vilevile kwenye diski zote mbili ili moja ikifa ya pili iendelee, na ambao haukorogeki stima ikipotea ghafla. Ya pili ni maelezo. Nikitaka kujua programu inayorekebisha saa inafanyaje kazi, naandika man ntpd, na yote yamo ndani ya mashine. Sihitaji bando hata la shilingi tano.

Mwaka ule ukame ulikuwa umeishika Kajiado vibaya sana. Ng'ombe walikuwa wanakufa kando ya barabara, mnakumbuka. Shule ikakubali wazazi walete maharagwe, kuni, hata mbuzi jikoni badala ya pesa. Anayelipa kwa M-Pesa ana ujumbe kwenye simu. Aliyeleta mbuzi ana nini? Ana kikaratasi alichoandikiwa na mhasibu, na ana mstari mmoja kwenye seva yangu. Basi. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi niliyojibebesha, na bado sikuielewa vya kutosha kama mtakavyoona.

Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, karibu nchi nzima ikaingia gizani. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa bila taa. UPS yetu ilishikilia kidogo, seva ikajizima kwa adabu kama nilivyoipangia, kisha UPS yenyewe ikaishiwa. Stima iliporudi mashine ikajiwasha. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa, na nilikuwa nyumbani kwetu Vihiga kwenye mazishi, sina wasiwasi wowote.

Jumatatu wazazi wamepanga foleni nje ya ofisi. Mhasibu anaandika neno lake la siri, seva inakubali. Kisha anaandika zile namba sita zinazotoka kwenye simu yake, ulinzi wa pili niliouweka kwa sababu hapa tunachezea pesa za watu. Seva inasema si sahihi. Anajaribu tena. Si sahihi. Mwalimu mkuu anajaribu kwa simu yake. Si sahihi. Wakati huohuo kompyuta zote za ofisi hazina intaneti, ingawa taa za ruta zinawaka vizuri. Mambo mawili yameharibika siku moja, na aliyeyaweka hapatikani kwa simu. Wakaita fundi kutoka mjini.

Fundi akaangalia skrini, akaona maandishi meupe kwenye weusi, akatangaza kwamba "hii Linux yenu" imekufa. Akaweka Windows isiyo na leseni juu ya diski ya kwanza. Diski ya pili Windows ilipoikuta haikuielewa, kwa sababu Windows haiijui ZFS, ikasema diski hiyo haina kitu. Fundi akaitoa, akasema nayo imeoza. Shilingi 15,000. Akaenda zake.

Niliporudi Alhamisi nilikaa kwenye kiti cha mhasibu nikakosa la kusema.

Sasa niwaambie nini hasa kilikuwa kimeharibika, maana hili ndilo linaloniuma. Ni betri. Ile betri bapa ya duara iliyo kwenye ubao mama, CR2032, inayoishikia mashine saa yake ikiwa imezimwa. Ilikuwa imekufa zamani, labda tangu Uingereza huko, lakini hatukujua kwa sababu mashine ikibaki imechomekwa, stima kidogo inaendelea kupita na saa haipotei. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, haikuwa na stima kabisa, si ya ukutani wala ya UPS. Ilipoamka ilidhani ni mwaka 2012.

Fuatilieni sasa. Zile namba sita za kwenye simu hutengenezwa kutokana na siri waliyopeana simu na seva, pamoja na wakati wa sasa, na hubadilika kila sekunde thelathini. Simu iko 2023, seva iko 2012. Haziwezi kupatana. Hilo ni la kwanza.

La pili ni intaneti. Seva ndiyo iliyokuwa ikizijibu kompyuta za ofisi zikiuliza tovuti fulani iko wapi, na nilikuwa nimeiwekea DNSSEC, yaani kila jibu lazima liwe na saini halali. Saini zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa mtu anayeamini yuko 2012, saini zote za dunia zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Ikazikataa zote. Waya mzima, ruta nzima, mtandao wa kampuni mzima, na hakuna tovuti hata moja inayofunguka.

La tatu ndilo la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Kazi ya ntpd ni kuuliza saa sahihi huko nje. Lakini seva zinazotoa saa nilikuwa nimeziandika kwa majina, na ili upate anwani ya jina lazima DNS ifanye kazi, na ili DNS ifanye kazi lazima saa iwe sahihi. Kuku na yai. Na hata ingepata jibu, ntpd ikikuta saa imepotea kwa zaidi ya sekunde 1,000 hukataa kuirekebisha na kujizima, isipokuwa umeiruhusu mapema kwa mstari mmoja kwenye rc.conf: ntpd_sync_on_start="YES". Sikuwa nimeuweka. Imeandikwa waziwazi kwenye man ntpd, ileile niliyojisifia hapo juu. (Kwa haki, Debian ingenisaidia hapa. Programu yake ya saa, systemd-timesyncd, huweka kwenye diski kumbukumbu ya wakati wa mwisho na haikubali saa irudi nyuma ya hapo. Mashabiki wa Linux chukueni pointi hiyo, mmestahili.)

Yote haya yaliandikwa ndani ya mashine. Yalikuwa kwenye /var/log/messages. Mstari mmoja unasema Agosti 25, mashine inazimwa. Mstari unaofuata unasema Januari 1, saa tisa usiku. Huhitaji digrii kuona kwamba hapo pana jambo! Mtoto wa darasa la nne anaweza kuona. Amri ya kusoma ni neno moja na jina la faili. Dakika mbili. Ukiandika neno date peke yake ni sekunde mbili.

Lakini nani hufanya hivyo? Huku kwetu kompyuta ikigoma tunafanya kama tunavyofanya na redio, tunaipiga kofi. Ikikataa kofi tunaizima na kuiwasha. Ikikataa, fomati. Nimewasikia mafundi wakiita fomati "dawa". Dawa gani inayomwua mgonjwa kisha ikasifiwa kwa kuacha kitanda kisafi?

Wala siwalaumu mafundi peke yao. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Unix tulifundishwa, tena vizuri: 1969, Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie. Iliulizwa kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Katika miaka hiyo minne hakuna hata siku moja niliyopewa mashine iliyoharibika nikaambiwa, haya, tafuta. Niliona faili la logi kwa mara ya kwanza nikiwa nimeajiriwa. Tunafuzu tukijua kupanga namba kwa njia saba na hatujui kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Halafu tunamcheka fundi ambaye hakusoma kabisa!

Na mimi nina kosa langu, tena kubwa. ZFS inakuwezesha kupiga picha ya data kila saa, na nilikuwa napiga. Picha hizo zinakaa wapi? Kwenye diski zilezile. Hiyo si nakala ya akiba. Nakala halisi ilitakiwa kuja kila usiku kwenye mashine yangu nyumbani, na ilikuja mpaka mwezi wa Juni, nilipobadilisha ufunguo wa SSH nikasahau kuupeleka upande wa pili. Seva ikawa inaniandikia barua kila usiku kwamba imeshindwa, na barua zinakwenda kwenye sanduku la root ambalo sikulifungua. Miezi miwili na zaidi. Kwa hiyo mimi ninayepiga kelele hapa kwamba watu hawasomi mashine inasema nini, nilikuwa nimeandikiwa barua zaidi ya sitini na sikusoma hata moja.

Kulikuwa na yeyo mmoja, ndivyo tunavyowaita akina mama huku, ambaye mwaka uliotangulia alileta mbuzi wawili, na baadaye magunia ya maharagwe kutoka kwa ndugu zake wa Loitokitok. Kikaratasi chake kiliharibika kwa maji. Waliolipa kwa M-Pesa walionyesha simu zao wakapita. Yeye akasimama mbele ya dirisha la ofisi hana cha kuonyesha, na binti yake akarudishwa nyumbani pamoja na wengine. Nilimkuta kituoni nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, ile kompyuta yako imesahau mbuzi wangu?"

Nilimwambia haijasahau. Sikuwa na msingi wowote wa kusema hivyo.

Wiki mbili zilipita. Siku moja mhasibu akawa anatafuta pini za stepla kwenye droo ya chini, akakuta diski. Akanipigia simu kuniuliza kama naitaka kabla hajaitupa. Nilitoka nyumbani mbio. Maana, wasomaji wangu, kwenye ZFS ya namna ile diski zote mbili ni nzima. Si nusu huku nusu kule. Moja ikiungua moto, ya pili ina kila kitu.

Niliichomeka kwenye mashine nyingine, nikawasha kutoka flashi yenye FreeBSD, nikaandika zpool import peke yake ili nione tu. Ikajibu: ipo, mwenzake hayupo, lakini inaweza kufunguka. Nikaifungua kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika chochote, kwa zpool import -f -o readonly=on -R /mnt zroot, kisha zfs mount zroot/ROOT/default, na /var/db/postgres ikawa pale mbele yangu. Ile -f ni lazima kwa sababu diski ilikuwa inadai bado ni mali ya mashine ile ya kwanza. Nilinakili kila kitu mara tatu, sehemu tatu, kabla sijagusa kingine. Mbuzi wawili walikuwepo, na tarehe yao. Binti alirudi darasani siku ya pili. Alikuwa amekosa masomo wiki mbili na nusu kwa ajili ya betri ambayo fundi wa saa pale Kitengela aliniuzia shilingi mia moja.

Baada ya hapo akaja muuzaji na tai yake. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba mambo ya kuweka seva shuleni yamepitwa na wakati, kila kitu sasa kiko kwenye wingu, shule ilipe kila mwezi kwa dola na isahau shida. Wenzangu wa Nairobi nao wananiambia hivyohivyo, kwamba kuweka seva Kajiado kwenye stima ya namna hii ni ukaidi.

Nawajibu. Kama unajenga kitu cha kutumiwa na nchi nzima, nenda kapangishe mashine kwenye kituo chenye majenereta, sina ugomvi. Lakini hapa kompyuta ya mhasibu na seva zimetengana mita nane. Kwa nini habari ya mbuzi wa Kisaju isafiri mpaka Ulaya, au mpaka Cape Town ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, kama kilomita 4,000 kutoka hapa, ndipo imfikie mtu aliye chumba cha pili? Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Mei 12 mwaka huohuo zikakatika EASSy na SEACOM upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa. Mhasibu wetu hakujua kama kuna kitu kimetokea. Na dola je? Mwanzo wa 2023 ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ikapita 160. Baadaye ikashuka, sawa, lakini shule inapanga bajeti ya mwaka kwa shilingi na wazazi wake wanalipa kwa maharagwe.

Wala hoja hii si mpya. Mwaka 2000 wahandisi wa Kenya walianzisha KIXP ili barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda wa pili isipitie setilaiti na nchi za nje. Telkom ikalalamika, serikali ikakifunga kituo baada ya wiki chache tu, na hakikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wote hao waliambiwa wanajisumbua. Muuzaji wangu wa tai alikuwa chekechea wakati huo, simlaumu kwa kutojua.

Halafu wingu halimfundishi mtu kusoma logi. Siku wingu likigoma utafanya nini, utalifomati?

Seva ya shule imerudi, FreeBSD ileile, betri mpya, mstari wa rc.conf upo, na seva mojawapo ya saa imeandikwa kwa namba badala ya jina. Barua za root zinakuja kwenye simu yangu. Mhasibu amefundishwa amri tatu tu: date, df -h, na zpool status. Kila asubuhi anaziandika kabla ya chai, na majibu anayanakili kwenye daftari la mistari. Mara moja amewahi kunipigia kuniambia diski imefika asilimia 91, kabla mimi sijajua.

Sasa yule kijana wa dawa za mifugo. Nilimwomba fundi anipe kibodi na nusu saa, akanitazama kama mtu anayejipendekeza, lakini akanipa. Ilikuwa Ubuntu. Nikawasha kutoka flashi, nikatazama smartctl, na lazima niseme ukweli: diski ilikuwa inakufa kwelikweli, imejaa sehemu zisizosomeka. Fundi alikuwa sahihi kwamba imeharibika. Lakini ukiifomati diski inayokufa unapata nini? Diski tupu inayokufa. Tulinunua nyingine palepale dukani, fundi mwenyewe akapata mauzo, nikaanzisha ddrescue inakili kutoka ya zamani kwenda mpya, na tukaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imepata karibu yote. Daftari la madeni limefunguka, isipokuwa wiki moja ya mwezi wa tatu, ambayo kijana anasema atawauliza wafugaji wenyewe.

Fundi aliniomba nimwandikie zile amri kwenye karatasi. Nimemwandikia, ameibandika ukutani juu ya meza yake, karibu na bei za vioo.